Soketi Mpya Hailetei Umeme Mpya



Wengi wetu tunaoishi katika kambi za chai na za miwa hapa Uganda twaijua nyumba yenye taa moja na soketi moja. Zamani soketi hiyo ilikuwa ya redio. Leo kuna pasi, birika, televisheni na simu za watu wote wa nyumbani. Basi mtu hutaka kuongeza soketi, nami simlaumu, kwa sababu niliongeza mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2011. Kijana mmoja wa kambini alichukua umeme kwenye taa akaniwekea soketi mbili kwa nusu saa. Fyuzi ikawa inakatika. Akaja tena, akatoa uzi wa fyuzi akafunga waya mnene mahali pake, akasema sasa haitakatika kamwe. Alisema kweli. Jioni moja mke wangu akipiga pasi sare za watoto, na birika liko motoni, dari ikaanza kutoa moshi. Tulizima meni swichi na kupasua dari kwa panga. Fundi wa pili alipokuja alituonyesha mahali penyewe: nyaya mbili zilizosokotwa tu na kufungwa selotepu, zimeungua mpaka kwenye mbao.

Jambo la kuelewa ni hili. Soketi ni mlango tu. Mzigo unabebwa na waya ulio nyuma ya ukuta, na waya huo haukunenepa kwa sababu umeongeza milango. Umeme wetu ni wa volti 240. Tazama wati zilizoandikwa chini ya chombo, gawanya kwa 240, utapata ampea. Pasi ya wati 1,200 hula ampea 5, birika la wati 2,400 hula 10. Nyumbani kwangu ampea 15 zilipita katika njia ya taa, ambayo kwa kawaida hulindwa kwa fyuzi ya ampea 5 au brekara ya 6 au 10. Soketi zina njia yao, waya wa milimita 2.5 za mraba, na mara nyingi brekara yake ni ya ampea 20, yaani wati 4,800. Ongeza jiko la wati 2,000 juu ya pasi na birika, umefika wati 5,600. Brekara inaweza kukata, na hiyo ndiyo kazi yake. Anayekuja kukuwekea brekara kubwa zaidi juu ya waya ule ule amemlaza mlinzi usingizi ili nyumba iungue kimya kimya.

Waya wa tatu, wa kijani na njano, mafundi wa haraka huuacha ili kupunguza gharama. Bila waya huo taa huwaka na redio huimba, kwa hiyo hutajua kwamba haupo. Siku waya wa moto utakapogusa bati la pasi, waya wa ardhini ungeupeleka umeme chini na fyuzi ingekatika. Usipokuwepo, umeme unangoja mkono wa mtu. (Na wale wanaochokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, waache. Kifuniko kile cha ndani kiliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto.)

Kwa hiyo mwite fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, na uombe kukiona. Msimamie. Azime meni swichi, na mtu akae hapo asije mtoto akaiwasha. Ajaribu testa kwenye soketi yenye umeme kwanza, kisha kwenye waya anaotaka kuushika, kisha arudi kwenye ile yenye umeme, maana testa mbovu pia haiwaki. Viungo vyote vikae ndani ya boksi, vikazwe kwa skrubu. Ukiwa na fedha kidogo zaidi, mwambie aweke swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampea 30.

Tangu Aprili 2025 kampuni ya serikali, UEDCL, ndiyo imechukua kazi ya usambazaji iliyokuwa ya Umeme, lakini nyaya zilizo ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Kama nyumba ni ya mwajiri, usitoboe ukuta. Andika barua kwa meneja, mpe nakala mwakilishi wako wa Chama, nawe ubaki na nakala yenye tarehe.

Wakati unangoja jibu, ekstensheni yenye fyuzi ya ampea 13 ina mwisho wa wati 3,120 hata ikiwa na matundu sita. Ifungue yote, usiifiche chini ya godoro wala mkeka. Baada ya kupiga pasi, gusa plagi. Ikiwa ni ya moto mkononi, zima, na soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aifungue.