Kompyuta ya Nyumbani na Mtekaji Asiyeonekana

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari akaaye Nyasho, mjini Musoma. Alama za wanafunzi wake za miaka minne zimo katika kompyuta moja tu, nyumbani kwake. Jioni moja achomeka flashi iliyotoka katika duka la kuchapisha, afungua faili asilolijua, na asubuhi yake hakuna faili linalofunguka. Kioo chaonyesha tangazo: lipa fedha, ndipo upewe ufunguo. Je, alama hizo zimepotea? Jibu lategemea alilolifanya kabla ya jioni ile.

Hila hii si ngeni. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000, zilizodaiwa kuwa na maelezo juu ya UKIMWI, zilipelekwa kwa posta katika nchi nyingi. Kompyuta iliyowekewa programu hiyo ilifanya kazi kama kawaida hata ilipokwisha kuwashwa mara 90 hivi. Ndipo majina ya mafaili yalipofumbwa, na mwenyewe akatakiwa kupeleka dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa Uingereza, Dk. Joseph Popp, alikuwa Mmarekani mtaalamu wa viumbe aliyepata kuwachunguza nyani nchini Kenya. Kesi haikuendelea, kwa kuwa hali ya akili yake haikuiruhusu.

Kufuli na Funguo Zake

Mwaka 1989 ufunguo uliofumba ndio uliofumbua, nao uliweza kupatikana kwa kuichunguza programu yenyewe. Kwa hiyo wataalamu walitengeneza dawa. Watekaji wa leo aghalabu hutumia funguo mbili zilizofungamana kwa hesabu: mmoja hufunga tu, na wa pili, ule ufunguao, hubaki mikononi mwao. Kuubahatisha hakuwezekani, hata kwa kompyuta kubwa.

Mwezi Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache, ikipenya kasoro iliyokuwamo katika Windows. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kasoro hiyo mwezi Machi mwaka huohuo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Kinga

Nguvu ya mtekaji yatokana na jambo moja: kwamba huna nakala nyingine. Basi nakili kazi yako kila juma katika diski ya nje, kisha ichomoe, maana diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine.

Aidha, yaruhusu marekebisho ya programu yaingie mara yatolewapo. Kagua kila flashi kwa programu ya kinga kabla ya kuifungua. Usifungue viambatisho vya barua usizozitarajia, wala usitumie programu za wizi, kwani nyingi hubeba virusi.

Ukishambuliwa, itenge kompyuta na mtandao papo hapo na utoe taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza vitendo hivi. Kulipa hakuleti hakika: wako waliolipa wasipate kitu.

Mwalimu wetu, kama alinakili Ijumaa, atasafisha kompyuta yake na kurudisha alama zote, isipokuwa zile za siku chache. Kama hakunakili, miaka minne ya kazi ya wanafunzi wake imo mikononi mwa mtu asiyemjua.