Kwa nini tembo la mnazi hufuatwa Pwani

ANAYETAKA kuonja tembo halisi la mnazi hana budi kulifuata mashambani Kilifi au Kwale, kwani kinywaji hiki hakistahimili safari ndefu.

Mgema huparaga mnazi, akalikata karara kabla halijachanua, kisha akatundika kibuyu cha kukingia utomvu. Hurudi asubuhi na jioni kulichonga upya. Utomvu huo huanza kuchachuka papo hapo. Ndiyo maana tembo lililogemwa leo huwa tamu, lililolala huwa kali, na baada ya siku chache hugeuka siki.

Miongoni mwa Wagiriama, tembo si kileo tu. Kadzama, yaani kibuyu cha tembo, hupelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa na mahari. Wapishi wa Pwani nao wamelitumia tangu jadi kuumulia unga wa mikate.

Mgeni huandaliwa pia sima, samaki na mboga zilizoungwa kwa tui. Hapo ndipo penye mvutano: karara lililogemwa halizai nazi. Mkulima hulazimika kuchagua kati ya pato la kila siku na nazi za kesho.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji kuuzwa kwa leseni. Hata hivyo, ni busara kununua kwa mgema anayeaminika. Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi kinachohofiwa zaidi ni kemikali.