Paka Anapohangaika Kukojoa: Tiba za Nyumbani Zinazomfaa na Zinazomuua

Paka ni mnyama msafi kwa maumbile yake. Hufukua mchanga, hujisaidia, kisha hufukia. Kwa sababu hiyo, siku anapokutwa akikojoa juu ya mswala, ndani ya kapu la nguo zilizofuliwa au katikati ya sebule, wenye nyumba hukasirika. Watoto huambiwa wamfukuze, mama hushika ufagio, na baba huamuru atiwe katika gunia akatupwe sokoni. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini mnyama aliyeshika adabu hiyo kwa miaka aivunje kwa usiku mmoja. Mara nyingi jibu ni jepesi: anaumwa. Na iwapo ni dume, huenda amebakiwa na siku moja au mbili tu za uhai.

Maradhi ya njia ya mkojo ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua sana paka wa majumbani. Katika makala haya tutaeleza namna yanavyotokea, dalili zake, yale ambayo familia inaweza kuyafanya nyumbani, na yale ambayo haifai kabisa kuyajaribu.

Dhamana ya mwenye kufuga

Uhusiano wa Waislamu na paka ni wa tangu zamani. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Kabsha binti Ka'b bin Malik alimwekea mkwewe, Abu Qatada (r.a.), maji ya kutawadha. Akaja paka, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha akishangaa, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani mwetu.

Upande wa pili, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Wanachuoni wa fiqhi wamechukua mafunzo mengi katika habari hiyo, na kubwa lao ni kwamba mwenye kumweka mnyama chini ya mamlaka yake amebeba dhamana ya uhai wake. Paka aliyezibwa mkojo ndani ya nyumba yetu hawezi kwenda kujitafutia tabibu. Macho yake ni yetu na miguu yake ni yetu.

Kinachotokea ndani ya kibofu

Asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa nchi kame za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amempa figo zenye uwezo mkubwa wa kubana maji, ndiyo maana mkojo wake ni mzito na mkali kwa harufu. Porini hana haja kubwa ya kunywa, kwa kuwa panya anayemla ni maji kwa takriban asilimia 70. Taabu huanza anapolishwa chakula kikavu cha dukani, ambacho maji yake ni karibu asilimia 10 tu, au dagaa wakavu na ugali, huku bakuli la maji likisahauliwa. Mkojo huzidi kuwa mzito, na chumvichumvi zilizomo huweza kugandamana zikawa changarawe au vijiwe.

Hata hivyo, vijiwe si sababu pekee. Kwa zaidi ya nusu ya paka wenye dalili hizi, madaktari hukuta kibofu kimevimba na kuuma pasipo kijiwe wala bakteria. Hali hiyo huhusishwa sana na wasiwasi: kuhama nyumba, kuzaliwa mtoto, kuletwa paka mwingine, au pilikapilika za wageni wakati wa Idi na harusi. Maambukizi ya bakteria huonekana zaidi kwa paka wazee, na ni adimu kwa paka vijana. Hapa ndipo linapobainika kosa la wengi wanaokimbilia kumpa paka vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini. Huenda ugonjwa wenyewe hauhusiani na bakteria hata kidogo, na kipimo cha binadamu si kipimo cha mnyama wa kilo 4.

Jike na dume hawalingani katika hatari. Mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana kiasi. Wa dume ni mrefu na mwembamba mno, hata ute na changarawe kidogo huweza kuuziba wote. Mkojo usipotoka, sumu hurudi katika damu, madini ya potasiamu hupanda, na moyo huvurugika mapigo mpaka ukasimama. Haya yote huweza kutimia ndani ya siku 2 au 3.

Dalili za kuziangalia

Mwenye paka na amwangalie mnyama wake kama mzazi amwangaliavyo mtoto asiyejua kusema. Dalili za mwanzo ni kwenda kujisaidia mara kwa mara na kutoa matone machache, kuchuchumaa kwa muda mrefu, kulia anapokojoa, kujiramba sana sehemu za siri, mkojo kuwa na damu, na kukojoa mahali asipozoea.

Dalili za hatari ni hizi: kuchuchumaa bila kutoa hata tone, tumbo la chini kuwa gumu kama chungwa, kutapika, kukataa chakula, kujificha na kulegea. Wengi humwona paka wa namna hii wakadhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula ili alainike tumbo. Wengine husikia kilio chake usiku wakasema nyumba imeingiliwa na shetani. Paka huyo analia kwa maumivu. Dume asiyetoa mkojo afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na asisubiriwe mpaka kesho.

Tiba zinazodhuru

Katika pwani yetu, mtu mwenye uchungu wa mkojo huambiwa anywe maji ya dafu. Kwa binadamu mzima hilo halina neno. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na tumekwisha kuona kwamba potasiamu ndiyo inayomuua paka aliyezibwa. Kumnywesha dafu ni kuuongezea moto kuni.

Kitunguu saumu na kitunguu maji, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka na kumtia upungufu wa damu. Ndimu, siki na magadi hubadilisha ukali wa mkojo kwa kubahatisha. Aina moja ya vijiwe huyeyuka mkojo ukipata asidi, na aina nyingine haiyeyuki kwa chakula wala dawa. Asiyejua aina ya kijiwe hawezi kujua anatibu nini.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika dawa za maumivu. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha parasetamoli kama ini la binadamu. Kidonge kimoja cha Panadol chatosha kumuua, na hata sehemu ya kidonge ni sumu kwake. Brufen huharibu figo zake. Mwenye kumpa dawa hizi kwa huruma huwa amemwangamiza kwa mkono wake.

Ama kuhusu habbat sauda na asali, hatuna shaka yoyote katika yale yaliyothibiti kwa Mtume (s.a.w.). Lakini Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, ameeleza kwamba dawa hufaa pale inapoafikiana na ugonjwa, kwa namna na kipimo chake. Mrija ulioziba haufunguki kwa mafuta yaliyomiminwa kooni. Zaidi ya hayo, paka anayeshikwa kwa nguvu na kunyweshwa mafuta huweza kuyavuta mapafuni yakamletea maradhi mengine. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya dini yetu, na kumwendea mwenye ujuzi wa jambo ni sehemu ya kutafuta huko.

Tiba za nyumbani zinazofaa

Ikiwa paka anatoa mkojo, anakula na hajalegea, yapo mengi ambayo familia inaweza kuyafanya huku ikiandaa safari ya kwa daktari, na baadaye ili maradhi yasirudi.

La kwanza ni maji. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, yakiwemo yaliyomo katika chakula. Wekeni mabakuli mawili au matatu sehemu mbalimbali za nyumba, mapana kiasi cha kutogusa masharubu yake, mbali na chakula na mbali zaidi na mahali anapojisaidia. Yasafishwe na kubadilishwa kila siku.

La pili ni chakula chenye majimaji. Chemsheni samaki mbichi au kuku bila chumvi, bila kitunguu na bila viungo, kisha mpeni nyama pamoja na mchuzi wake uliopoa. Dagaa wakavu waoshwe, walowekwe na kupikwa kwa maji mengi, wala wasiwe chakula chake cha kila siku. Samaki wa chumvi asipewe kabisa. Ugali hauna ubaya kwa uchache, lakini paka ni mla nyama, na mwili wake haujengeki kwa unga. Maziwa ya ng'ombe si badala ya maji, kwani paka wengi wakubwa huharishwa nayo.

La tatu ni mahali pa kujisaidia. Paka asiyetoka nje apewe beseni lenye mchanga au maranda, sehemu tulivu isiyo na msongamano. Wakiwa paka wawili, mabeseni yawe matatu, ili mmoja asimzuilie mwenzake. Uchafu uzolewe kila siku, maana paka huchukia choo kichafu, na hukaa na mkojo badala ya kukiingia. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

La nne ni utulivu. Mpeni boksi la kujificha, saa za chakula zisizobadilika, na mchezo kidogo kila siku ili asinenepe kupita kiasi, kwani unene na uvivu huongeza maradhi haya. Watoto wafundishwe kutomvuta mkia wala kumfukuza anapokula au kujisaidia. Fundisho hilo lina manufaa kwa paka, na lina manufaa zaidi kwa mtoto.

Kwa daktari

Msimbonyeze tumbo kwa kudhani mtausukuma mkojo utoke. Kibofu kilichojaa huweza kupasuka. Mtieni katika boksi lenye matundu na kitambaa laini, kisha mwende. Daktari atapapasa kibofu, atapima mkojo, na kama mrija umeziba atampa nusukaputi na kuuzibua kwa mpira mwembamba, kisha ampe maji ya mshipani na dawa ya maumivu iliyo salama kwake. Mweleze ni lini alikojoa mara ya mwisho, anakula nini na amepewa dawa gani nyumbani, wala msimfiche.

Asiyemjua daktari wa wanyama aulize katika ofisi ya mifugo ya wilaya yake. Kwa Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro ndicho kinachosomesha madaktari wa wanyama, na wahitimu wake wametapakaa mikoani. Gharama ipo, na si kila familia inaimudu kwa mara moja. Ndiyo maana maji safi na mchuzi usio na chumvi, ambavyo karibu kila nyumba inavimudu, vianze leo kabla ya maradhi. Na anayetoa fedha kumwokoa kiumbe asiyeweza kumlipa akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika kumtendea wema kila chenye uhai mna malipo.

Tohara ya mahali palipokojolewa

Mate ya paka ni tohara, lakini mkojo wake ni najisi kwa wanachuoni walio wengi. Nguo au mswala ulioingiwa ukamuliwe, kisha uoshwe kwa maji mpaka rangi na harufu viondoke. Kikibaki kidogo kisichotoka baada ya juhudi, husamehewa. Sakafu imiminiwe maji, kama Mtume (s.a.w.) alivyoamuru ndoo ya maji imiminwe pale bedui alipokojoa msikitini. Tuzingatie kwamba hata bedui yule hakupigwa wala kukaripiwa na Mtume. Alielimishwa kwa upole. Jiki isimwagwe juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwa kuwa ikichanganyika nao hutoa hewa inayodhuru mapafu. Na harufu ikibaki, paka atarejea palepale.

Basi atakapokutwa paka amechuchumaa mahali pasipo pake, ufagio uwekwe chini kwanza, na aangaliwe kama mkojo unatoka. Ukiwa unatoka, aongezewe maji na aandaliwe safari ya kwa daktari. Usipotoka, safari ianze saa hiyohiyo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wapole kwa viumbe vyake, na atuhurumie kama tunavyovihurumia. Amin.