Je, Wajua? Jani la Kwanza la Mhogo Hutaja Ugonjwa Ulikotoka

Je, wajua kwamba mhogo uliochipuka juzi unaweza kukuonyesha kama umezaliwa na ugonjwa au umeambukizwa baada ya kupandwa? Huhitaji maabara kulijua hilo. Tazama tu madoa yapo kwenye majani yapi, ya chini au ya juu. Kwa mkulima wa Ganze, Magarini au Chonyi, huko Kilifi, jibu hilo ndilo litakalomwambia kama kasoro iko kwenye mbegu aliyoipanda au iko kwa wadudu wa shambani.

Mhogo haupandwi kwa punje. Shina lililokomaa hukatwa vipande vya sentimita 20 hadi 30, na vipande hivyo ndivyo wakulima wanavyoviita mbegu. Kila kipande ni sehemu ya mwili wa mhogo mama, kwa hiyo mmea unaochipuka ni mhogo ule ule ulioanza maisha upya. Kibandameno, mhogo mtamu unaopendwa sana Kilifi, umeenea kwa njia hiyo, jirani akimkatia jirani mashina baada ya kuvuna. Utamu wake hupita kwenye shina bila kupungua. Virusi navyo hupita vivyo hivyo.

Udongo ukiwa na unyevu, macho ya kipande hufunguka ndani ya wiki mbili hivi. Kwa karibu mwezi mzima chipukizi huishi kwa akiba iliyomo kwenye kipande chenyewe, huku mizizi ikijijenga. Ndiyo maana chipukizi jembamba na dhaifu siku hizo mara nyingi hushtaki kipande: labda kilikatwa sehemu ya juu ya shina iliyokuwa changa bado, labda kilikaa juani siku nyingi, au kilizikwa kabla mvua haijashika. Kumwaga mbolea wakati huo hakusaidii sana, kwa kuwa mizizi ya kuinyonya bado ni michache.

Batobato, ugonjwa wa mhogo unaoletwa na virusi, huonekana tofauti. Jani huwa na mabaka ya kijani na ya manjano yasiyolingana, upande mmoja wa jani hukua kuliko mwingine, na vidole vya jani hujikunja na kusinyaa. Sasa angalia mpangilio. Mabaka yakianzia kwenye majani ya kwanza kabisa, yale ya chini yaliyotoka kwenye jicho la kipande, virusi vilikuja na mbegu. Majani ya chini yakiwa safi na mabaka yakaanza juu, mmea ulipandwa mzima ukaambukizwa shambani na nzi weupe. Mdudu huyu ana urefu wa milimita moja hivi, hukaa chini ya majani machanga, na huruka ukitikisa mmea. Mhogo uliougua tangu kwenye kipande huathirika zaidi, kwa sababu hukosa nafasi ya kujenga mwili kabla ya ugonjwa kuupata.

Si kila jani baya ni batobato. Utitiri wa kijani, ulioonekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1971, huacha vitone vingi vya manjano kama vichomo vya sindano, na majani ya juu hubaki madogo. Huzidi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha mmea hutoa majani mazuri tena. Kidung'ata hukunja ncha ya mmea ikawa kama kishada, na ndani yake utaona nta nyeupe. Huyu alidhibitiwa kwa nyigu mdogo aliyetolewa Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, na kazi hiyo ilimpatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule wa mawe ya matumbawe karibu na bahari, majani machanga yanaweza kupauka kwa kukosa madini ya chuma. Lakini hapo jani hupauka sawasawa pande zote mbili, bila kupinda.

Kuna adui mmoja ambaye jani changa halimtaji. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huacha majani ya juu yakipendeza. Dalili zake hujitokeza kwenye majani yaliyokomaa, umanjano ukifuata mishipa, na wakati mwingine hazionekani kabisa mpaka mhogo ung'olewe na kukatwa, ndipo unakuta nyama yake imekauka na kuwa na mabaka ya kahawia. Kwa hiyo haitoshi kukagua mbegu kwa majani peke yake. Kata pia mihogo kadhaa ya mmea mama kabla ya kuchukua mashina yake.

Magonjwa haya mawili yaliandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza katika ukanda wetu, katika eneo la milima ya Usambara iliyoko Tanzania: batobato mwaka 1894, michirizi ya kahawia mwaka 1936. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima hiyo hiyo, mwanasayansi H. H. Storey na wenzake walichanganya mhogo na mpira, mti wa jamii yake, ili kupata mihogo inayostahimili magonjwa hayo. Mmoja katika uzao wa kazi hiyo, namba 46106/27, ulibaki Pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Kaleso na Namikonga ya kusini mwa Tanzania ni mhogo mmoja. Hivyo shina linaweza kusafiri mamia ya kilomita likibadilishwa jina bila kubadilika chochote mwilini.

Leo hata simu inaweza kusaidia. Programu iitwayo Nuru hutambua dalili za mhogo kwa kamera, bila intaneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ikipewa jani moja ilipatia asilimia 65, na ikipewa majani sita ilipatia asilimia 74 hadi 88. Wewe pia usihukumu shamba kwa jani moja.

Basi kabla ya masika, nenda shambani unakotarajia kukata mbegu wakati mihogo bado ina majani, ufunge utepe kwenye mimea iliyo safi tangu chini hadi juu, na uikate hiyo tu. Uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kuhusu aina zake kama Tajirika, Karembo na Shibe. Mbegu ikishachipua, pita shambani ndani ya mwezi mmoja. Mmea wenye mabaka kwenye majani ya kwanza ung'oe mapema, uuondoe shambani, upande mwingine mahali pake. Na jirani akija kukuomba mashina, mpe yale ambayo wewe mwenyewe ungeyapanda.