Uainishaji wa Taarifa kwa Kompyuta: Kazi Yake na Mpaka Wake

Chama cha Msingi hutunza mengi yahusuyo wanachama wake. Orodha moja tu ya malipo yaweza kuwa na jina la mkulima, namba ya kitambulisho, simu, akaunti ya benki, kilo alizouza na deni la pembejeo analodaiwa. Zamani mambo hayo yaliandikwa katika leja iliyofungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa Katibu. Siku hizi vyama vingi huyaweka katika kompyuta, na orodha ikitumwa kwa makosa huwafikia watu wengi kwa dakika moja. Kwa sababu hiyo zimetungwa programu za kuainisha taarifa. Kazi yake ni kupitia majalada yote na kuyatia alama: hili ni la wazi, hili ni la ndani ya chama, hili ni siri ya mwanachama.

Programu hizo hazielewi taarifa kama mtu aelewavyo. Hutafuta dalili, na njia zitumikazo sana ni tatu.

Njia ya kwanza ni umbo. Namba ya Kitambulisho cha Taifa nchini Tanzania ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Programu ikikuta tarakimu 20 zinazoanza na tarehe iwezekanayo, hutia alama ya siri.

Njia ya pili ni hesabu ya uhakiki. Namba za kadi za benki hufuata kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyeomba hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1954. Kuanzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa mbili. Jibu likizidi 9, hutolewa 9. Kisha zote hujumlishwa. Jumla sharti igawanyike kwa 10. Kwa mfano, 2675 hutoa 5, 5, 6 na 4, jumla 20, basi inakubalika. Ikiandikwa 2695 kwa makosa, jumla huwa 24, nayo hukataliwa.

Njia ya tatu ni mifano. Programu hupewa barua zilizokwisha kupangwa na watu, ikapima ni maneno gani hutokea zaidi katika kila fungu, kisha ikakadiria fungu la barua mpya. M. E. Maron wa Marekani alieleza njia ya namna hiyo mwaka 1961.

Hata hivyo, kila njia ina kasoro yake. Katika namba kumi za kubahatisha, moja kwa wastani hupita hesabu ya Luhn. Hivyo namba ya stakabadhi ya mazao yaweza kudhaniwa kuwa ya kadi. Kwa upande mwingine, barua isemayo kwamba mkulima fulani ameshindwa kulipa mkopo kwa sababu ya ugonjwa haina namba yoyote, nayo yaweza kupita kana kwamba ni tangazo.

Makosa ya pande zote mbili yana madhara. Deni la mtu likitangazwa, heshima yake huvunjika, na matapeli hupata njia ya kumwendea. Mizania ya chama ikifichwa kwa kuwa imejaa tarakimu, wanachama hunyimwa haki ya kuhoji fedha zao katika Mkutano Mkuu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Chama hakiwezi kujitetea kwamba programu ndiyo iliyokosea.

Kwa hiyo, kabla ya kununua programu, inafaa Bodi iamue yenyewe mafungu ya taarifa na nani aruhusiwe kuona kila fungu. Kisha programu ijaribiwe kwa kurasa 100 ambazo Katibu anazijua, na makosa yahesabiwe: ngapi za siri zimeachwa wazi, ngapi za wazi zimefichwa. Baada ya hapo, kila jalada linalotoka nje ya ofisi lisomwe kwanza na mtu. Chama kisicho na kompyuta chaweza kuanza leo kwa karatasi iliyopigwa mistari mitatu. Mwanachama alipotaja namba zake dirishani, alimkabidhi Katibu, na ni kwa Katibu atakapokwenda kuziulizia.