Ukipigwa Ughaibuni, Usifungwe Mdomo na Makaratasi

Tuseme uliolewa Bariadi, ng'ombe wa mahari wakahesabiwa, ukapanda ndege kumfuata mumeo Marekani. Miezi sita tu, makofi yakaanza. Ukilia anakwambia, "Nenda polisi uone, kesho unarudishwa kwenu." Ukipiga simu nyumbani, jibu ni vumilia, ng'ombe walishaliwa.

Shosti, makaratasi yako hayako mfukoni mwake kama anavyojitapa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994, VAWA, inamruhusu aliyeteswa na mwenzi ambaye ni raia au mwenye grinikadi ajiombee ukaazi mwenyewe. Fomu ni I-360, haina ada, na idara ya uhamiaji imekatazwa kumtonya mumeo. Hata kaka zetu wanaopigwa na wake zao (wapo, wanaona aibu tu) wanaruhusiwa.

Utatakiwa uonyeshe kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, mliishi pamoja, na uliteswa. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana mume akihisi kitu anachana kila karatasi. Kwa hiyo cheti cha ndoa, picha, meseji za vitisho na karatasi za hospitali, tuma nakala kwa dada yako Bariadi mapema. Matusi na vitisho vikali navyo vinahesabika, si ngumi peke yake. Ukishaachika una miaka 2 tu ya kuomba.

Kabla ya kujaza chochote, muone mwanasheria wa uhamiaji. Hatari ikiwa mlangoni, piga 911. Ukitaka ushauri, simu ya bure ni 1-800-799-7233, usiku na mchana.