Uteuzi wa Saspensheni Inayorekebishika ya Bei Nafuu kwa Gari la Kila Siku na Siku za Uwanjani: Mfano wa Toyota 86

Ikisiri

Makala hii inafafanua vigezo vya kuteua saspensheni inayorekebishika ya bei nafuu kwa gari linalotumika kila siku barabarani na mara chache katika uwanja wa mbio. Hoja kuu ni kwamba, bajeti inapokuwa finyu, idadi ya ngazi za kurekebisha ndicho kigezo cha mwisho kutazamwa. Vinavyotangulia ni nafasi ya mwendo wa gurudumu, uwiano kati ya springi na shokomzoba, namna kimo cha gari kinavyorekebishwa, na uwezekano wa kuikarabati shokomzoba inapochakaa. Hoja hii inajengwa kwa mfano wa Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2012.

1.0 Utangulizi

Siku ya uwanjani ni siku ambayo mwenye gari la kawaida hulipa kiingilio na kuliendesha kwa kasi katika uwanja wa mbio bila kushindania tuzo. Nchini Japani, uwanja wa Tsukuba uliopo mkoa wa Ibaraki, wenye mzunguko wa kilomita 2.045, ni miongoni mwa viwanja vinavyojulikana sana kwa shughuli hiyo. Gari lililozunguka hapo Jumapili ndilo linalompeleka mwenyewe kazini Jumatatu. Kwa hiyo, kosa katika uteuzi wa saspensheni haliishii kwenye sekunde zinazopotea uwanjani. Huonekana pia siku ya mvua, barabara inapokuwa na mabaka na tairi likashindwa kushika lami wakati dereva anafunga breki.

Toyota 86 inafaa kuwa mfano kwa sababu tatu. Kwanza, ni gari jepesi, lenye uzito wa takriban kilo 1,230. Pili, mbele lina saspensheni ya MacPherson na nyuma lina mikono miwili kwa kila gurudumu, hivyo aina mbili za miundo zinaweza kulinganishwa ndani ya gari moja. Tatu, kampuni nyingi hulitengenezea seti za springi na shokomzoba zenye kimo kinachorekebishika, ambazo katika makala hii zinaitwa koilova.

2.0 Springi na Shokomzoba: Uwiano Usiokwepeka

Springi hubeba gari. Shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu, hufifisha mtikisiko wa springi. Kazi hizi mbili haziwezi kutenganishwa. Chukulia kwamba kila gurudumu la mbele limebeba kilo 300 za mwili wa gari, na kwamba ugumu wa springi, ukipimwa kwenye gurudumu, ni nyutoni 25 kwa milimita. Kona hiyo ya gari itatikisika kwa kasi ya hezi 1.45, kiwango cha gari la kawaida lenye mwelekeo kidogo wa kimichezo. Ugumu ukipandishwa hadi nyutoni 50, kasi hiyo hufikia hezi 2.05, kiwango kinachokaribia gari la mashindano.

Ufifishaji hupimwa kwa kuulinganisha na kiasi cha chini kabisa ambacho kingelirudisha gari mahali pake bila kuyumba hata mara moja. Kiasi hicho hukua kwa kipeuo cha pili cha ugumu wa springi: ugumu ukiongezeka mara mbili, kiasi kinachohitajika huongezeka kwa takriban asilimia 41. Iwapo shokomzoba ya awali ilitoa uwiano wa 0.40 ikiwa na springi laini, shokomzoba hiyo hiyo ikifungiwa springi yenye ugumu maradufu hutoa uwiano wa 0.28 tu. Gari litahisi gumu kwenye mashimo na wakati huo huo litaendelea kuyumba baada ya kila wimbi la barabara. Ndiyo sababu kununua springi fupi na ngumu huku shokomzoba za zamani zikibaki ni akiba inayogharimu zaidi mwishowe.

Kwa gari la kazi mbili, masafa ya kuridhisha ni kati ya hezi 1.6 na 2.0. Kwa kilo 300 zilizotajwa, hii ni sawa na ugumu wa nyutoni 30 hadi 47 kwa milimita kwenye gurudumu. Maneno "kwenye gurudumu" yana uzito. Katika muundo wa MacPherson, springi husogea karibu sawa na gurudumu. Katika muundo wa mikono miwili, springi husogea pungufu, na upungufu huo huingia mara mbili katika hesabu. Springi ya nyutoni 50 inayosogea milimita 0.75 kwa kila milimita moja ya gurudumu hutoa nyutoni 28 tu kwenye gurudumu. Kulinganisha namba zilizochapwa kwenye springi za mbele na za nyuma, au za magari mawili tofauti, bila hesabu hii ni kulinganisha vitu visivyolingana.

3.0 Kimo cha Gari na Nafasi ya Mwendo

Wanunuzi wengi huvutwa na uwezo wa kushusha gari. Hata hivyo, kila milimita inayoshushwa hutolewa katika nafasi ambayo gurudumu lingepanda kabla ya kugonga raba ya kikomo. Tuseme gurudumu lina nafasi ya milimita 70. Kwa springi ya nyutoni 25, raba itaguswa mzigo unapoongezeka kwa nyutoni 1,750. Gari likishushwa milimita 30, mzigo wa nyutoni 1,000 unatosha kuigusa. Ili kurudisha uwezo wa awali katika milimita 40 zilizobaki, springi inapaswa kuwa na ugumu wa karibu nyutoni 44. Kwa maneno mengine, anayeshusha gari amekwisha kuchagua springi ngumu, apende asipende. Asipozinunua, raba ya kikomo itafanya kazi ya springi, na mshiko wa tairi utabadilika ghafla katikati ya kona.

Kushusha kupita kiasi kuna athari nyingine kwa muundo wa MacPherson. Mkono wa chini ukishainamia juu kuelekea gurudumu, kituo ambacho mwili wa gari hulalia hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Matokeo yake ni kwamba gari lililoshushwa sana linaweza kuwa na nguvu kubwa zaidi ya kulilaza kwenye kona. Isitoshe, ukaguzi wa lazima wa magari nchini Japani unadai uwazi wa angalau sentimita 9 kati ya gari na ardhi.

Namna ya kurekebisha kimo nayo ni kigezo. Katika aina ya kwanza, kitako cha springi huzungushwa kwenye uzi wa shokomzoba, hivyo kimo na nafasi ya mwendo hubadilika pamoja. Katika aina ya pili, mwili wa chini wa shokomzoba hurefushwa au kufupishwa, na kimo hubadilika bila kuingilia mwendo wa pistoni. Aina ya pili humpa mtumiaji uhuru zaidi, lakini humtaka ahakikishe kwamba tairi halitagonga bodi kabla ya raba ya kikomo kuguswa. Ieleweke pia kwamba kuzungusha kitako hakuifanyi springi ya kawaida kuwa ngumu zaidi. Hubadilisha tu mahali inapoanzia.

4.0 Maana ya Ngazi za Marekebisho

Soko linaonesha kwamba ngazi nyingi si lazima zimaanishe ubora. Bilstein B14 haina kirekebishi cha ufifishaji; kinachorekebishwa ni kimo pekee, na kiwanda ndicho kilichooanisha springi na shokomzoba. Tein Flex Z ina ngazi 16, ni ya mabomba mawili, na imefungwa kiwandani kwa namna isiyoruhusu kukarabatiwa. BC Racing BR ina ngazi 30, ni ya bomba moja, na inaweza kufunguliwa na kukarabatiwa.

Katika koilova nyingi za bei nafuu, kitasa kimoja hubadilisha mrejeo wa shokomzoba na, kwa kiasi fulani, mbano wake pia. Zaidi ya hayo, kitasa hufungua au kufunga kijitundu cha mafuta kinachotawala mwendo wa polepole wa pistoni, yaani mwili wa gari unapolala au kuinama. Pistoni inapokwenda kasi, kama gurudumu linapogonga ukingo wa uwanja au shimo, vali za ndani ndizo zinazoamua. Kwa sababu hiyo, shokomzoba iliyo ngumu mno kwenye mashimo haitatibiwa kwa kukizungusha kitasa. Mnunuzi anayeweza kupata grafu ya nguvu dhidi ya kasi ya pistoni, kwa shokomzoba za kulia na kushoto, atajifunza mengi kuliko idadi ya ngazi inavyoweza kumweleza.

Kuhusu joto, shokomzoba ya bomba moja hutenganisha gesi na mafuta kwa pistoni inayoelea, hivyo hustahimili mizunguko mingi mfululizo. Ile ya mabomba mawili huweza kutoa mwendo mrefu zaidi kwa urefu ule ule, sifa inayofaa barabarani. Kwa anayekwenda uwanjani mara chache na kupumzisha gari kila baada ya mizunguko michache, udhaifu wake wa joto si sababu tosha ya kuikataa.

5.0 Bajeti Kamili na Muktadha wa Afrika Mashariki

Bei ya koilova si gharama yote. Alaimenti baada ya kufunga, matairi, mafuta ya breki yanayohimili joto, na ukarabati wa baadaye ni sehemu ya bajeti ile ile. Seti ya bei ya chini isiyokarabatika inaweza kuwa uamuzi sahihi, mradi gharama ya kuibadilisha nzima imehesabiwa tangu mwanzo.

Suala hili linagusa pia Afrika Mashariki, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika Japani huingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na Kenya huruhusu yale yasiyozidi miaka minane. Gari lililoshushwa kwa ajili ya lami laini ya Japani hukutana huku na matuta na barabara za vumbi. Hapo nafasi ya mwendo huwa na thamani zaidi, na hatua ya kwanza yenye busara ni kurudisha kimo karibu na cha kiwanda kabla ya kugusa kitasa chochote.

6.0 Hitimisho

Uteuzi unaofaa huanza na nafasi ya mwendo, kisha uwiano wa springi na shokomzoba, kisha namna ya kurekebisha kimo na uwezekano wa ukarabati. Ngazi hufuata mwisho. Ikibidi kuchagua kati ya seti isiyo na ngazi lakini iliyooanishwa vyema na seti yenye ngazi 30 isiyojulikana vali zake, ya kwanza ndiyo salama zaidi kwa dereva anayehitaji kurudi nyumbani kwa gari lile lile alilokwenda nalo uwanjani.